Rusizi: Baba, Mtoto na Kete 64

Msafiri atokaye Kigali kwenda Rusizi ana safari ya zaidi ya kilomita 200 mbele yake. Hupita Huye, akaingia katika msitu mkubwa wa Nyungwe, ambao Septemba 2023 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, kisha akateremka kati ya mashamba ya chai hadi mji wa Kamembe. Wilaya hii, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2006, ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, na wengi wangali wanaiita kwa jina hilo. Chini ya mji limelala Ziwa Kivu, na ng'ambo huonekana nyumba za Bukavu, nchini Kongo, zimetanda juu ya vilima. Kiswahili hakikungoja sheria ya mwaka 2017, iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda, ndipo kisikike hapa. Sokoni Kamembe kimezoeleka siku nyingi.

Katika mji huu anaishi mtumishi mmoja wa serikali, kijana aliyepita miaka thelathini. Kabla ya Oktoba 2022 watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni baiskeli. Jumapili alfajiri aliteremka hadi bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga na chemchemi za maji ya moto, kisha akaipanda milima kurudi nyumbani, akijiona yumo katika mbio za Tour du Rwanda. La pili ni igisoro, mchezo ulio ndugu wa bao la pwani: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na wazee wasiomhurumia kijana. Kila jioni, baada ya kazi, alikuwa barazani kwa wenzake mpaka usiku.

Oktoba hiyo mkewe alijifungua mtoto wa kike. Siku ya nane, kwa desturi ya Wanyarwanda, watoto wa majirani waliitwa waje kula na kumtajia mgeni majina, kila mmoja lake. Kisha wazazi wakatoa jina lao. Tangu siku hiyo majirani waliacha kumwita baba huyo kwa jina lake. Akawa "Papa" wa mtoto wake. Cheo kilikuja kwa siku moja. Kazi ya cheo ndiyo iliyochelewa.

Zile siku chache za mapumziko apewazo baba kisheria zilikwisha upesi. Asubuhi alimbusu mtoto akaenda ofisini. Jioni akazirudia kete zake. Hakuona kosa, kwani aliamini kuwa mtoto mchanga ni wa mama, na baba humngojea mpaka aweze kusema.

Ikafika Machi, mwezi wa mvua kubwa. Jioni moja mtoto alishikwa na homa kali. Mama alimpigia baba simu mara nne, lakini simu ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa msumarini. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mwavuli, akaenda kituo cha afya pamoja na jirani. Damu ilipopimwa ikaonekana malaria. Mtoto alipewa dawa, na siku ya tatu akacheka tena. Mama hakugomba. Alisema tu, "Papa, mtoto huyu ana baba asubuhi. Jioni ni yatima."

Neno hilo lilimwingia. Kesho yake alitaka kuiuza baiskeli na kuligawa bao. Mkewe akakataa, akisema kuwa hakutaka kumbadili mume asiyekuwapo kwa mume aliyenuna sebuleni. Wakaketi, wakachukua karatasi, wakazipanga saa za jioni na za asubuhi kama zamu za kazi zinavyopangwa: nani amwogeshe mtoto, nani apike, nani alale mapema. Kila mmoja alipata zamu yake, na kila mmoja alipata saa zake za kupumzika, mama naye akiwamo.

Aprili mtoto alitimiza miezi sita, wakati ambapo maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Ndipo baiskeli ikapata kazi mpya. Alfajiri, mara mbili kwa juma, baba aliteremka ufukweni kuwangojea wavuvi wa sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi huunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wavuvi wakipiga makasia kwa nyimbo. Usiku wa giza ndio wao; mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki. Baba aliwaanika sambaza, mama akawatwanga wakawa unga laini, na kijiko kimoja kikatiwa katika uji wa mtoto. Kila mwaka uvuvi ziwani hufungwa kwa muda ili samaki wazaane. Msimu huo ulipofika, mkebe wao ulikuwa umejaa.

Bao nalo likahamia nyumbani. Hapo palikuwa na hatari, kwani mtoto atambaaye hutia kila kitu kinywani, na kete moja yatosha kumkaba koo. Ikawekwa amri: bao halishuki ukutani mpaka mtoto alale, na kete zihesabiwe kabla ya mchezo na baada yake. Usiku mmoja zilipatikana 63. Mikeka ikainuliwa, taa ikaletwa, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Kete ya 64 ilionekana ndani ya kiatu cha mzee mmoja ambaye usiku ule alikuwa akishindwa.

Julai ilikuwa zamu ya chanjo ya surua, itolewayo mtoto afikapo miezi tisa. Baba alimbeba mwenyewe. Benchi lilijaa akina mama, naye peke yake ndiye mwanamume. Bibi mmoja akamwuliza, "Mama yake yuko wapi, mwanangu?" Akajibu, "Yuko kazini, bibi." "Na wewe?" "Mimi niko zamu." Bibi akasogea, akampa nafasi ya kukaa.

Isidhaniwe kuwa mwaka ule haukuwa na hasara. Bugarama hajafika tena kwa baiskeli, na wazee ambao zamani aliwashinda sasa humfunga. Lakini Oktoba 2023 ilipofika, mtoto alikuwa akilia akimwona baba anavaa viatu vya kutoka, jambo ambalo mwaka uliotangulia lisingewezekana.

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, ukashuka kwa nguvu kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwa karne nyingi maji hayo yalipita bure. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtambo wa kwanza wa umeme uliwekwa mtoni, na mwaka 1989 wa pili, wa ushirika wa Rwanda, Burundi na Kongo. Mto haukukaushwa, ulizuiwa kidogo, ukatoa taa. Burudani ya baba ni vivyo hivyo.

Askari aliye lindoni mbali na nyumbani hawezi kumwogesha mtoto kila jioni, na hakuna mke mwenye busara atakayemlaumu kwa hilo. Lakini zamu ikiisha, au likizo ikifika, saa zile ni zake kuzipanga. Akae na mwenzake, wachukue karatasi, wazigawe. Mpira, bao, redio na matembezi vina nafasi yake, mradi kila usiku, kabla ya taa kuzimwa, mtu ahesabu kete zake na aone kuwa zimetimia.