Nimeuza Gari, Sijaishiwa

Nina duka la pembejeo Kilosa mjini. Nauza mbegu za mahindi, alizeti na ufuta, viuatilifu, mabomba ya kupulizia, na mbolea msimu ukifika. Duka la pili, dogo, liko Mikumi, analiangalia mdogo wangu wa kike. Kwa miaka mingi niliyaunganisha maduka hayo kwa gari langu mwenyewe. Leo sina gari. Mjini naendesha baiskeli, Mikumi naenda kwa Haisi, Dar es Salaam naenda kwa treni ya SGR. Natoa ushuhuda huu kwa sababu watu wananipa pole kana kwamba nimefilisika, ilhali biashara yangu haijawahi kukaa vizuri kama sasa.

Kwanza nilitendee haki lile gari. Lilikuwa Noah ya mtumba kutoka Japani, nililinunua watoto wakiwa wadogo, na lilinifaa sana. Lilibeba mbegu, lilibeba wajawazito wa mtaani usiku wa manane, lilibeba maharusi na misiba. Sijutii hata kidogo kulinunua. Ila watoto walikua wakaondoka, njia mpya za kusafiri zikaja, na mimi nikaona hakuna sababu ya kuendelea kulihudumia gari ambalo kazi yake imepungua.

Mabadiliko yalianzia kwenye daftari. Mwenye duka huandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, lakini gharama za gari nilikuwa nimezoea kuzichanganya na za duka. Mwaka 2022 mafuta yalipanda dunia nzima baada ya vita vya Ukraine kuanza. Agosti ya mwaka huo bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA kwa Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita, na sisi wa bara tunaongezea gharama ya kuyasafirisha. Ndipo nikalitengea gari safu yake: petroli, oili, matairi, bima, shokapu, bushi, fundi, na soda ya fundi. Njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya, kijiji cha huku kwetu, wakati ule ilikuwa ya vumbi, yenye makorongo, na kila nikirudi kutoka huko gari lilianza kugonga chini upande mmoja. Mwisho wa mwezi nikajumlisha. Gari lilikuwa linakula zaidi ya kodi ya fremu zangu zote mbili. Na muda mwingi lilikuwa limeegeshwa juani mbele ya duka, halibebi mtu wala mzigo.

Hesabu nilikuwa nayo, lakini mbadala sikuwa nao. Mbadala niliuona Ifakara, nilipokwenda kwenye msiba wa ndugu yetu. Bonde lile ni tambarare, na baiskeli huko ni chombo cha kila mtu. Asubuhi niliona akina mama wa rika langu wamejifunga kanga vizuri, wanaendesha kwenda sokoni, mtoto kwenye keria na kapu kwenye usukani. Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Kwetu Kilosa baiskeli tulikuwa tumewaachia vijana wa mkaa, wauza maziwa na wanafunzi, na mwanamke mwenye duka akionekana juu yake ni habari ya mtaa mzima.

Kuendesha nilijifunza utotoni kwa baiskeli ya marehemu baba, ile ya kiume yenye bomba la juu. Kimo kilikuwa hakinifikishi kwenye siti, nikawa napitisha mguu katikati ya fremu na kukanyaga nikiwa nimepinda upande. Mwili hausahau. Nilinunua baiskeli ya kike, nikaongezewa kapu mbele na keria imara nyuma, nikaanza kuitumia kutoka nyumbani hadi dukani, kisha sokoni, kisha benki. Gari bado lilikuwepo wakati huo. Likawa linakaa tu.

Maneno yalikuja, tena mengi. Mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi alinisimamisha njiani.

"Mwanangu, kulikoni? Duka si linakwenda?"

"Shikamoo, baba. Linakwenda."

"Marahaba. Sasa gari liko wapi?"

"Lipo nyumbani, baba. Limepumzika."

Akatikisa kichwa akaniombea kwa Mungu. Nilimwelewa. Kwetu gari ni cheti cha kufanikiwa. Mtu akilinunua anapongezwa hata kama amekopa, na akilishusha anahurumiwa hata kama ana akiba. Aibu hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi waendelee kulisukuma gari lenye matairi yaliyokwisha huku ada ya mtoto ikisubiri.

Matengenezo nayo yakawa ya aina nyingine. Fundi wangu wa baiskeli anakaa chini ya mwembe, vifaa vyake vyote vinaenea kwenye kisanduku cha mbao. Pancha ikitokea, anaitoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kidogo kidogo kwenye beseni la maji mpaka povu lioneshe tundu lilipo. Anakausha, anakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, anaipuliza kwa mdomo, anabandika kiraka na kukigonga. Hapo tumeshamaliza na salamu za nyumbani, nami nampa elfu moja naondoka. Akibadilisha mnyororo na friwili kwa pamoja, bado sifikii bei ya oili niliyokuwa nikimwaga kwenye gari.

Kilichonifanya niuze kabisa ni treni. Kilosa ni mji wa reli tangu enzi za Wajerumani, walioanza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Sisi tumelelewa na honi ya treni. Lakini tumeonja pia inavyokuwa reli ikikatika: mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa Desemba 2009 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuisomba reli upande wa kwenda Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Kipindi hicho aliyekuwa na gari alijiona mjanja, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Safari za SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, zikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Kilosa tukapata stesheni. Ni treni ya umeme, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na kwenye milima yetu imechimbiwa mahandaki. Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa na LATRA ilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Sisi wa katikati tunalipa katikati. Kwa fedha hiyo gari langu lisingevuka hata Morogoro.

Nauli ni nusu tu ya faida. Nusu nyingine ni saa zangu. Nilipokuwa naendesha kwenda Dar, siku nzima iliishia kwenye usukani: malori, matuta, trafiki, foleni kuanzia Kibaha hadi mjini. Nilifika nimechoka, nikafanya manunuzi kwa haraka ili nisirudi usiku, na mnunuzi mwenye haraka hapewi bei nzuri Kariakoo. Sasa tiketi nakata kwa simu. Ndani ya behewa naandika oda, nalinganisha bei, nalala kidogo. Nafika nina akili timamu. Nikitaka kwenda mbali zaidi mjini kuna mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 yakiwa na barabara yao wenyewe. Kwa mradi huo Dar es Salaam ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata.

Msomaji atauliza: na mzigo je? Treni ya abiria haipakii magunia, hilo ni kweli. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo gari lilikuwa linanificha. Nilikuwa nachukua mzigo Dar, naushusha Kilosa, halafu naupakia tena sehemu yake kuupeleka Mikumi, kwa kuwa gari lilikuwepo. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na malori yanapita usiku na mchana. Sasa mzigo wa Mikumi unatoka Kariakoo moja kwa moja, mdogo wangu anaupokea njia panda na kuuvusha kwa guta hadi dukani. Wa Kilosa unakuja na lori lake. Mzigo unasafiri peke yake, nami nasafiri peke yangu.

Mikumi kwenyewe naenda kwa Haisi kupitia Ulaya. Masika njia ikiwa mbaya nazunguka Morogoro na kupanda basi la Iringa, na hapo tunakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Kuna mabango ya mwendo, kuna matuta, na kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nikiwa dereva, kipande kile nilikivuka shingo ikiwa imekakamaa, hasa jioni, maana swala hatoi ishara kabla ya kukatiza na tembo hana taa. Nilichokuwa nakiona ni lami tu. Sasa nakaa dirishani nawaona twiga na pundamilia bila kulipa kiingilio, na nyani wamekaa pembeni wakisubiri maganda ya ndizi kutoka kwa abiria wasiosikia makatazo. Basi moja lina abiria hamsini na kitu. Tungekuwa kila mmoja na gari lake, wale wanyama wangekatiza saa ngapi?

Afya sikuitafuta, ilikuja yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki. Mimi sina muda wa kwenda kukimbia uwanjani, lakini kwenda dukani na kurudi ni lazima, na dakika hizo zinajipata njiani. Presha iliyokuwa ikipanda imetulia. Dawa sijaacha, na wala simshauri mtu aache zake bila daktari wake.

Kuna shida pia, na sitazificha. Haisi haiondoki mpaka ijae, na ikijaa bado kondakta anaona nafasi ya mtu mmoja. Mvua ikinyesha nafika dukani nimelowa. Usiku siendeshi, kwa sababu taa za barabarani ni chache na bodaboda wengine wanakimbia kama wamefukuzwa. Lori likikupita karibu, upepo wake unakuyumbisha. Na mgonjwa huwezi kumweka kwenye keria: juzi jirani alizidiwa, nikaita gari la kukodi na kulilipia mimi mwenyewe. Fedha ilikuwepo kwa sababu haikuishia kwenye petroli. Mwenye kuishi mlimani, mwenye ulemavu, mwenye kazi ya kubeba vitu vizito kila siku, huyo gari ni haki yake na simwambii lolote.

Fedha ya Noah niliigawa. Sehemu ilienda kwenye paa la nyumba, sehemu nikanunulia mbegu kabla ya msimu kwa fedha taslimu, wakati bei iko chini. Zamani msimu ulinikuta VICOBA nikiomba mkopo, na riba ilikula faida kabla mkulima hajapanda. Msimu huu sikukopa. Yule mzee aliyeniombea sasa ananiuliza bei ya baiskeli ya mjukuu wake wa kike, anayetembea mwendo mrefu kwenda shule.

Kwa wenye mamlaka nina maombi machache. Stesheni ya Kilosa iwe na sehemu salama ya kufungia baiskeli. Barabara ya Kilosa hadi Mikumi iachiwe mabega mapana ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kwa kuwa ndio wengi. Haisi ziwe na saa za kuondoka. Na ile reli ya tawi inayotoka Kilosa kwenda Kidatu kupitia Mikumi ipewe treni ya abiria ya uhakika. Mkulima wa Kidodi, mwanafunzi wa VETA Mikumi na mimi mwenye duka tungepanda behewa moja.

Kwa msomaji nina neno moja tu. Kabla hujachukua mkopo wa gari, au kama unalo tayari, chukua daftari uliandikie safu yake kwa mwezi mzima, bila kujidanganya. Ukiona gari linakulipa, endelea nalo kwa amani. Ukiona wewe ndiye unayelilipa, liuze, na usimwombe mtu radhi.