Faili ya Shangazi Haikuzaliwa Novemba

Wasee, tarehe unayoiona kando ya faili si cheti cha kuzaliwa. Naona watu wakirushiana tarehe hizo kwenye grupu za WhatsApp kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani, na hivi majuzi karibu zimtoe shangazi yangu kwenye chama alichokilea tangu 2019.

Yeye ndiye mweka hazina. Hesabu anaziweka kwa Excel, kwenye laptopu ya mtumba ambayo Novemba ilipelekwa kwa fundi ibadilishwe diski. Fundi alifanya kazi safi: alinakili folda yote kwa flashi, akaweka diski mpya, akairudisha. Wiki mbili baadaye mwanachama mmoja akafungua faili ya hesabu za Machi, akaangalia sifa zake, akaona imeundwa Novemba. Akapiga picha ya skrini, akaituma kwa grupu. Ati hesabu ni za kupikwa, zimeandikwa zote siku moja.

Nikaitwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kwa familia yetu mimi bado ndiye "yule wa kompyuta".

Sasa, Windows hufanya hivi. Ukinakili faili kutoka diski moja hadi nyingine, tarehe ya kubadilishwa inabaki vile ilikuwa, lakini tarehe ya kuundwa inakuwa saa ile nakala imetua mahali papya. Kwa hivyo faili ya shangazi ilionyesha imebadilishwa Machi na kuundwa Novemba. Yaani ilirekebishwa miezi minane kabla ya kuzaliwa! Ukiona hivyo usishtuke, ni alama kwamba faili ilinakiliwa, na ndiyo maana folda nzima ilikuwa na siku moja. Excel yenyewe huweka tarehe nyingine ndani ya faili, na hiyo haiguswi na kunakili. Tuliifungua mbele ya wote: Machi.

Ingeishia hapo ningefurahi. Lakini faili nne zilikuwa na 1 Januari 2012, miaka saba kabla ya chama kuanza. Hapo niliona macho ya akina mama yakibadilika.

Shida ilikuwa betri. Si ile ya kuchaji, ni ile ndogo ya duara kwenye ubao wa ndani, CR2032, volti 3, inayoshikilia saa mashine ikizimwa. Ikifa, na betri kubwa iwe imechoka kama ya laptopu nyingi za mtumba, stima ikipotea tu saa inarudi tarehe ya kiwandani. Bila bando mashine haiwezi kuuliza saa sahihi mtandaoni. Shangazi anaandika michango ya wiki, inapigwa muhuri wa 2012.

Na hilo liliharibu bakapu. Katibu huweka flashi ya akiba, na programu inayoijaza hulinganisha tarehe: nakala ya kwenye flashi ikiwa mpya zaidi, inaruka. Fikiria basi. Kazi ya leo ina tarehe ya 2012, nakala ya wiki iliyopita ina tarehe ya kweli. Programu inaiona kazi ya leo kuwa ya zamani, inaiacha, halafu inaandika "imekamilika". Ndiyo maana jumla ya katibu na jumla ya shangazi hazikuwa zinaonana.

(Kuna ingine ndogo. Flashi yenye FAT32 hurekodi saa ya kubadilishwa kwa hatua za sekunde 2, NTFS hurekodi kwa usahihi zaidi, kwa hivyo programu inaweza kudhani kila faili imebadilika na kunakili yote upya kila usiku. Kwa Robocopy weka /FFT, kwa rsync weka --modify-window=2. Na ukiona 1 Januari 1970 saa tisa usiku, hiyo ni sifuri ya hesabu ya Unix, pamoja na masaa yetu matatu ya Afrika Mashariki.)

Niliwaambia akina mama jambo lingine ambalo shangazi hakulipenda: tarehe hizi zote mtu anaweza kuzibadilisha akitaka. Haziwezi kumfunga, na haziwezi kumwokoa. Kwa hivyo tukaziweka kando, kila mmoja akatoa simu akasoma meseji zake za M-Pesa, maana tarehe ya meseji hiyo haitoki kwa laptopu ya mtu. Ilichukua mchana mzima na chai birika mbili. Hesabu za laptopu zikalingana.

Betri nilinunua kwa bei ya chapati madondo. Kwa bakapu nikaweka rsync na --checksum, ilinganishe yaliyomo badala ya tarehe. Ni polepole, lakini haidanganywi na saa.

Shangazi amesema atashikilia kazi hadi Desemba, kisha amkabidhi mwingine. Aliyetuma ile picha ameifuta kwa grupu. Pole bado hajasema.