Huruma Bila Mpaka Haimlei Mtoto



Sisi tuliokimbia vita tunawahurumia sana watoto wetu. "Mwache tu, ameshateseka." Mtoto anarudi saa tatu usiku, hakuna wa kumuuliza. Mzazi mwingine yeye anajua fimbo tu. Tangu Sheria ya Watoto ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2016 na kukataza viboko shuleni, wapo wanaolalamika eti watoto wataharibika. Jamani, kati ya fimbo na kumwachia kuna njia nyingine.

Shule zilifungwa Machi 2020, na wote hawakurudi darasani mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Watoto wakazagaa kwenye soko la Kalerwe na kando ya mifereji ya Bwaise, ambayo mvua ikinyesha inafurika. Nyumbani kwangu tukaweka sheria tatu: saa kumi na mbili jioni wote ndani, sahani uliyolia unaiosha, ukitoka, unasema unakwenda wapi.

Kijana wangu akanuna: "Mama, wa jirani wanacheza mpaka usiku!" Nikamjibu: "Jirani ana sheria zake. Mimi nakutaka mzima." Siku aliyochelewa, kesho yake hakwenda mpirani. Sikumpiga wala sikumtukana. Na mimi nikitoka, naaga kama wao. Hapo ndipo walipoona sheria ni ya nyumba, si ya kuwaonea.

Usianze na sheria kumi, mzazi. Anza na moja, mweleze mtoto sababu yake, halafu uishike hata siku umechoka.