Vichezeo vinavyonyamaza

Jumatatu, 12 Novemba 2018

Kamati ya wazazi ya chekechea yetu imenikabidhi pesa za kununulia vichezeo kabla watoto hawajarudi Januari. Agizo ni moja: viwe vya kisasa. Nimezunguka soko la hapa Gisenyi, Rwanda, tangu asubuhi. Meza zimejaa plastiki na betri: simu inayoimba, gari linalolia king'ora, ubao wa herufi unaotamka A, B, C kwa Kiingereza na kubweka ukigusa picha ya mbwa.

Mama mmoja aliniwashia ubao huo, na mwanawe wa miaka kama mitatu akauvuta kwake. Akabonyeza, mbwa akabweka. Akabonyeza tena na tena. Halafu akaupindua kifudifudi, akaanza kuchokonoa kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akiinamisha sikio. Alikuwa anamtafuta mbwa. Mama yake akamnyang'anya: "Utaniharibia mali!"

Alikuwa na haki, mali ni yake, tena kifuniko chenyewe hakikuwa na skrubu. Betri ndogo bapa za aina ile mtoto akimeza zinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Lakini tangu nitoke pale namfikiria yule mtoto. Katika dakika zote zile, alipopindua ubao ndipo alipoanza kujifunza, na ndipo kichezeo kilipomfungia mlango.

Jumatano, 14 Novemba

Nimerudia kusoma habari za Maria Montessori. Alikuwa daktari kabla ya kuwa mlezi wa watoto. Nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Nikifika hapo nawaona wa kwangu. Mama zao wako kwenye mpaka wa Petite Barrière tangu alfajiri na beseni za nyanya na vitunguu, wanavuka kuuza Goma, upande wa Kongo, na jioni ndipo wanakuja kuwachukua.

Kifaa chake ninachokipenda kuliko vyote ni gogo lenye matundu kumi, na vipande kumi vya mcheduara vyenye kishikio juu. Kila kipande kina tundu lake. Mtoto akiweka chembamba kwenye tundu pana kinaingia bila shida, naye anaendelea kwa furaha, hadi mwisho anabaki na kipande kisichoingia popote. Hakuna aliyemwambia amekosea. Mbao zimemwambia, tena bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Anavitoa, anavitazama upya, anaanza tena. Kichezeo cha betri hakina nafasi hiyo, kwa sababu hakuna namna ya kukosea kubonyeza.

Gogo la kuagiza nje lingemaliza pesa yote na deni juu. Nimempelekea mchoro fundi wa vitanda kule Mbugangari. Aliushika muda mrefu.

"Mwalimu, mbao mbichi ikipata mvua inavimba. Kipande kitakwama na mtoto atalia."

"Tufanyeje, Fundi?"

"Nina mbao zilizokauka tangu mwaka jana. Nitaacha nafasi ya unene wa ukucha. Na matundu tufanye matano tu. Kumi ni kazi ya mashine."

Matano yanatosha. Rangi nimekataa kabisa. Rangi za kopo nyingine zina risasi, na watoto wa umri huu huonja kila kitu. Atapiga msasa, basi.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimevuka kwenda Goma kutafuta vikapu. Mpakani tunanawa mikono na kupimwa joto kwa sababu ya mlipuko wa Ebola huko Beni. Watoto wa mpakani wameshageuza jambo hilo kuwa mchezo: mmoja anaelekeza kijiti kwenye paji la uso la mwenzake, anatazama kwa makini, anasema, "Pita."

Karibu na Birere nilimkuta mvulana wa miaka tisa hivi akitengeneza chukudu yake, skuta ya mbao, ndogo, mfano wa zile kubwa zinazobeba magunia ya makaa. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Alilizungusha, akaweka kidole mahali linapogusa uma, akaparua hapo kwa kisu, akalizungusha tena. Kisha akakata ukanda wa kandambili kulizungushia gurudumu ili lisiteleze kwenye mawe ya volkano. Nilisimama nikitaka kumuuliza nani alimfundisha. Niliyameza maneno, kwa kuwa alikuwa anahesabu kitu kimoyomoyo.

Nimenunua vikapu vitatu, bapa, vya kufikiwa na mtoto aliyekaa chini. Vitakuwa vya wale ambao hawajaanza kutembea. Mwalimu wa Uingereza, Elinor Goldschmied, aliwajazia watoto kama hao vikapu vya vitu vya kawaida vya nyumbani: kijiko cha mbao, mnyororo, brashi, limau, kitambaa. Hakuweka plastiki, maana plastiki yote ina ladha moja na uzito mmoja. Kitu chochote kinachopita kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni nitakiondoa, kisije kikamkaba mtoto.

Jumanne, 20 Novemba

Wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu ningewapeleka Mombasa. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa pwani walilalamika kwamba watoto wao hawafanyi vizuri shuleni, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akaanzisha shule za awali ndani ya madrasa. Mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar, mwaka 1993 Uganda. Kwenye pembe za kuchezea waliweka makombe ya baharini, vifuu vya nazi, vizibo vya soda. Njia waliichukua kwa HighScope ya Michigan: asubuhi mtoto anasema atafanya nini, anakifanya, kisha anawasimulia wenzake alivyokifanya.

Sisi hatuna nazi. Tuna vizibo vya bia ya Primus kwa magunia, mashina ya migomba, mawe meusi mepesi na mazito. Hiyo sehemu ya mtoto kusema atakachofanya ndiyo nitakayoanza nayo.

Jumamosi, 24 Novemba

Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, tulikaa na wazazi. Baba mmoja alisema kwa uchungu: "Mwalimu, watoto wa Kigali wa miaka minne wanasoma Kiingereza. Wetu wanacheza na vizibo. Mama yao anabeba beseni kichwani ili nao waje kubeba beseni?"

Swali hilo ni zito, na aliyeliuliza analipa ada kwa jasho. Sikumjibu kwa vitabu. Nilimwomba mzee mmoja alete igisoro yake, bao la kuchezea: matundu thelathini na mawili, mbegu 64. Binti wa baba huyo akaketi upande mmoja. Akachota mbegu za tundu moja, akapanda moja moja kwenye matundu yanayofuata. Mara mbili alidondosha mbili kwenye tundu moja. Baba akanyoosha mkono kumsahihisha, mzee akaushika: "Muache." Binti akafika mwisho, akaona mbegu zimemwishia kabla ya tundu alilolitaka. Akarudi nyuma kwa kidole, tundu kwa tundu, akazitoa zile zilizozidi.

Baba hakusema kitu. Sidhani nimemshawishi. Ila alibaki anatazama hadi wenzake walipoondoka.

Alhamisi, 29 Novemba

Ingawa ni likizo, nimejaribu na watoto wawili: beseni la maji, mawe, vipande vya mkaratusi, vizibo. Mvulana aliyehamia kutoka Goma anajua Kiswahili tu, mwenzake Kinyarwanda tu. Walianza kimya. Kizibo kikaelea, kikatiwa maji, kikazama, wote wawili wakapiga kelele. Kufikia saa nne walikuwa wanabishana ni jiwe lipi litazama kwanza, kila mmoja akichota maneno ya mwenzake. Ule ubao wa sokoni ungewajaza Kiingereza masikioni na wasingepata nafasi ya kusemezana.

Ijumaa, 30 Novemba

Pesa imebaki. Kamati inapendekeza niongeze vichezeo. Sitaongeza. Nitajenga rafu mbili zisizozidi kifua cha mtoto, zenye nafasi ya vitu vichache, kila kimoja mahali pake, ili mtoto achague mwenyewe, achukue mwenyewe, arudishe mwenyewe bila kuniomba. Vingine vitakaa kabatini, tutavibadilisha kila baada ya wiki mbili. Kesho asubuhi nampelekea fundi vipimo.