Kutoka Lumakanda Hadi Mlango wa Mkanda

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake vyombo vya kuwavusha baharini, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Wasomaji wapenzi, sisi wa mwambao twaishi na bahari kama mtu aishivyo na jirani wa miaka mingi: twamsikia kila siku, wala hatumtazami. Mke wangu hakuzaliwa nayo. Yeye ni mzaliwa wa Lumakanda, huko Lugari katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Wazee wake ni watu wa Mumias, mji uliopokea Uislamu zama za Nabongo Mumia kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipogawanywa, babake akahamia Lumakanda kulima mahindi.

Kwa miaka 27 nimekwenda kwa wakwe zangu katika harusi na mazishi. Naijua harufu ya shamba lake baada ya mvua ya jioni, na najua mahindi huvunwa lini. Yeye, katika miaka hiyo yote, alichokijua cha bahari yetu ni feri ya Likoni. Kuujua ulimwengu wa mwenzio ni haki ya pande mbili. Basi mwaka huu, tarehe 4 Mfunguo Saba, tulikodi boti ya mashine huko Lamu kwa siku nzima.

Tuliondoka baada ya alfajiri, jaketi za kuokolea maisha zikiwa vifuani. Kusi lilikuwa limepungua nguvu. Tuliingia Mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba unaotenganisha kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiwa imesimama kulia na kushoto. Hapo manahodha tangu zamani huyatazama maji kwanza, kwani yakitoka chombo hukwama. Mke wangu alicheka kwa jina lile. “Lumakanda na Mkanda,” akasema, “kumbe nimefika kwetu.”

Tulipotoka mkondoni tuliielekea Pate, tukaingia hori ya Siyu maji yakiwa bado yamejaa. Nahodha alitwambia mapema: tukikawia, boti itakaa juu ya tope hadi alasiri. Tulikubali kukawia. Tuliitazama ngome iliyo ukingoni mwa maji, tukamkumbuka Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, na mkewe Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mnamo mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa.

Maji yakatoka. Tuliketi kivulini, na hapakuwa na mgeni wa kubisha hodi. Ndipo aliponiuliza, “Baba watoto, utendi wa mke nimeusikia tangu niolewe. Wa mume uko wapi?”

Nilimjibu kwamba chakula, mavazi na makao kila mume huyataja. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisafiri na wake zake, na safarini alishindana mbio na Bibi Aisha. Kumpa mke wakati wako ni katika wema wa ndoa.

“Basi nipe wakati huu,” akasema. “Zile ekari mbili nilizorithi kwa baba, ndugu zako na watoto wetu wananihimiza niziuze tujenge Mombasa. Sitaki. Mamangu amezikwa pale. Nikizeeka nataka pawe na mahali ambapo mtoto wangu akifika ataambiwa: hapa ni kwa mama yako.”

Nilimweleza jambo ambalo kila mwenye kusoma fiqhi anajua: urithi wa mke ni mali yake, na mume hana mamlaka ya kuuuza wala kumlazimisha auuze. Nikamwahidi kwamba maneno hayo nitawafikishia ndugu na watoto mimi mwenyewe, asiachiwe yeye kuyapigania peke yake. Hakusema zaidi. Alivua viatu, akaenda kukanyaga tope la pwani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Adhuhuri na alasiri tulizikusanya na kuzipunguza, kwa kuwa tulikuwa wasafiri. Nilimwonyesha jambo lililomfurahisha: huku Lamu kibla ni kaskazini, kikiegemea magharibi kidogo mno, kwao Lumakanda kinaegemea mashariki. Anayeswali kwao na anayeswali kwetu wanaelekea nyumba moja, kila mmoja kwa upande wake.

Yapata saa kumi maji yaliinua boti. Tulirudi kwa Mkanda jua likishuka, tukafika Lamu kabla ya magharibi.

Enyi waume wenzangu, wengi wetu tumeoa kutoka mbali. Tusidhani kuwa mke aliyehamia kwetu ameacha kwao. Tumtoe nyumbani, tumsikilize, na alicho nacho tukiache mikononi mwake. Siku moja baharini huenda ikamfungua kinywa kuhusu neno alilolinyamazia miaka.

Mwenyezi Mungu azitie rehema nyumba zetu, za pwani na za bara. Amin.