Kukausha nyama kwa moshi, na sufuria iliyotoboka

Leo siandiki kuhusu programu, ingawa nyaya na nambari zimo. Waliokuja kutafuta msimbo wavumilie kidogo.

Mwaka 2022 nilikuwa nyumbani Liboi, karibu na mpaka wa Somalia. Mvua zilikuwa zimetukataa tangu mwisho wa 2020 na mbuzi wamebaki ngozi na mifupa. Baba akakata shauri: watatu wachinjwe kabla hawajafa, maana akishakufa mwenyewe ni nyamafu, hakuna wa kumla. Sokoni hawakuwa na mnunuzi. Basi nyama ya mbuzi watatu, joto la Liboi mnalijua, na friji hatuna.

Kwetu jibu la swali hilo ni nyirinyiri. Unakata nyama vipande vyembamba virefu, unaikausha, unaikatakata ndogo ndogo, unaikaanga na kuizamisha katika samli au mafuta yake. Hukaa miezi. Lakini mbuzi wa ukame hana mafuta, samli haipo kwa sababu maziwa hayapo, na mafuta ya kupikia mwaka ule yalipanda bei Kenya nzima. Hapo ndipo mimi mtu wa kompyuta nikajitia ujuzi. Nikasema tutumie moshi.

Vifaa nilivitoa jikoni. Sufuria kubwa ya harusi iliyotoboka kitako, nikaifunika kwa sufuria nyingine, mdomo kwa mdomo. Debe la mafuta la zamani, lililochomwa kwanza likaisha harufu, likawa tanuri chini kidogo ya sufuria, na mtaro mfupi uliofunikwa kwa udongo ukapeleka moshi kwenye lile tundu. Nyama ilining'inia kwenye vijiti. Jirani alinipa rafu za friji mbovu nikakataa: baadhi ya rafu za zamani zilipakwa kadimiamu, na hiyo ni sumu. Mabati nayo siyaweki karibu na moto mkali, kwa ajili ya ile zinki.

Kuni zilikuwa mathenge, mti ule ule tunaoulaani kwa kumeza malisho na kuoza meno ya mbuzi. Mnajua kule Texas ndugu yake anaitwa mesquite, na watu hununua vipande vyake madukani ili kuchomea nyama? Sisi tunao bure mpaka mlangoni.

Juu nilichomeka kihisi cha joto, DS18B20, na kompyuta ikawa inaandika nyuzi kila dakika. Nilitaka 70. Nikapata 48, kisha 110, kisha mstari ukakatika: ganda la waya limeyeyuka. Nyama ilikuwa nyeusi nje, nzuri kweli kuitazama. Siku ya tatu vipande vinene vikanuka. Nilivipasua, ndani ni vibichi. Karibu mbuzi mzima tukawatupia mbwa, na Baba hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko matusi.

Kosa nililiona usiku huo. Nilidhani moshi ndio unaohifadhi. Moshi husaidia juu juu tu. Kinachoozesha nyama ni maji yaliyomo ndani, na moto wangu ulikuwa umepika ngozi ya juu ikayafungia humo.

Mama ndiye aliyerekebisha. Amefukiza vyombo vya maziwa maisha yake yote, moshi anaujua kuliko mimi. "Hooyo," akaniambia (kwetu mama humwita mwana hivyo hivyo), "toa miali, bakisha makaa. Na kuni hizi mbichi, ndiyo maana zinawasha macho." Akachukua kisu, akakata nyama iliyobaki nyembamba kama kidole cha mtoto, akaipaka chumvi nyingi. Mimi nikaongeza jambo moja tu: kuichemsha kwanza mpaka iive ndani, kwa kuwa Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri nyama ifike nyuzi 71 kabla ya kukaushwa. Kisha moshi mwembamba saa nyingi, na mfuniko umeachwa wazi kidogo unyevu utoke. Hilo la mfuniko sikuwa nimelifikiria kabisa.

Kipande kikivunjika kwa kukunjwa, tayari. Tulikula nyama ile wiki sita, ikilowekwa na kupikwa na wali. Ilikuwa ngumu, na watoto walilalamika kuhusu moshi.

Kihisi sikukirudisha. Mvua ziliporudi 2023 kuku walihamia ndani ya ile sufuria, na bado wanataga humo.