Karatasi chini ya kibodi ilivyoniponza

Wadau, kila siku naanika ya watu, leo naanika yangu.

Nilikuwa nahariri video kwenye studio moja ya harusi hapa mjini. Kompyuta zetu zilikuwa za Linux, na kaka wa IT alikuwa kazibana kweli kweli: paswedi isipungue herufi 12, iwe na herufi kubwa, ndogo, namba na alama, halafu kila siku 90 unabadilisha.

Naweka jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa, naambiwa halina alama. Naweka jina langu la kuingilia na mbwembwe mbele, naambiwa lina jina lako ndani. Nikajifanya mjanja, neno la Kiingereza nikatoa a nikaweka @, nikatoa o nikaweka sifuri. Wapi! Ujanja huo inaujua, eti bado ni neno la kamusi. Mara ya tatu ikanitema kabisa, nikaanza upya.

Mwishowe ikakubali takataka fulani ambayo hata mimi nisingeikumbuka. Nikaiandika kwenye karatasi, nikaibandika chini ya kibodi. Msinicheke, najua na nyie mnazo.

Sasa tukawa na harusi ya staa mmoja, simtaji. Video alitaka aitoe mwenyewe. Siku mbili kabla, vipande vikaanza kutembea WhatsApp. Kumbukumbu za mashine zikaonyesha aliyenakili ni mimi, saa 2 usiku. Jamani, saa hiyo nilikuwa nimebanwa kwenye daladala! Bosi hakutaka kusikia: "Paswedi yako, mwizi wewe."

Aliyeniokoa ni yule yule kaka wa IT. Aliinua kibodi yangu mbele ya bosi, karatasi hiyo hapo. Akainua ya jirani, karatasi. Meza tano, karatasi nne. Ya tano ilikuwa ya bosi, na hakuhitaji karatasi: paswedi yake ilikuwa jina la studio na 123. Aliwekewa kupitia akaunti ya root, na root kwa kawaida anaonywa tu, hakataliwi. Ukimya uliopita pale ofisini, acha tu.

Kaka akakiri masharti yale ni ya kizamani. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwongozo wake mwaka 2003, mwaka 2017 alisema mwenyewe anajutia sehemu kubwa ya alichoandika. Mwaka huo huo taasisi ya viwango ya kwao ikaacha kupendekeza alama za lazima na kubadilisha kila baada ya muda. Kaka akafungua faili la pwquality.conf, akaweka herufi 20, alama si lazima, na zile siku 90 akazifuta. Yangu sasa ni sentensi nzima kuhusu mama mkwe, ya Kiswahili, na kamusi ya mashine ile ilikuwa ya Kiingereza. Haikuguna hata kidogo.

Kazi nilibaki nayo. Aliyeinua kibodi yangu simjui mpaka leo, na tunakula naye chipsi mchana. Bi harusi nilimwandikia kumwomba radhi. Tiki mbili ziligeuka bluu siku ile ile, jibu hakuna.